Aliyekata Masale

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Eliona alichukua mundu akaenda kukata majani ya ng'ombe. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo alikuwa ameijua kwa wiki chache tu. Alizaliwa Korogwe, ambako baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge. Mwaka 1996 shamba liliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na kabla ya Krismasi baba akaugua, akafariki. Walimleta kumzika nyumbani kwao Masama, Uchaggani. Mama akarudi Korogwe na mtoto mchanga. Eliona akaachwa kwa bibi yake, Ndelilio, ili asome.

Siku moja ya Februari jua lilikuwa limekausha kila kitu. Eliona alizunguka migombani hadi akaona mimea michache mibichi kando ya kaburi la baba yake. Akamshukuru Mungu. Akaikata yote, akampelekea ng'ombe. Maskini, hakujua.

Mtoto yeyote wa Uchaggani anajua kwamba mmea huo, isale, haukatwi ovyo. Masale hupandwa mipakani na makaburini, na mtu aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani lake kuomba msamaha. Lakini nani alikuwa amemwambia Eliona?

Grace, binti wa baba yake mdogo, ndiye aliyeona. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Bibi alikuja, akatazama vile visiki, akaingia ndani bila kusema neno. Kule kunyamaza kulimuumiza Eliona kuliko fimbo.

Shuleni habari zilifika kabla yake.

"Manamba huyo!" Grace aliwaambia wenzake, akimwita kwa jina la vibarua wa mkonge. "Amemlisha ng'ombe kaburi la baba yake!"

Walicheka hadi wakachoka. Eliona, aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu huko Korogwe, aliacha kunyoosha mkono. Akaanza kuamini kwamba kila atakachogusa atakiharibu. Siku ya jaribio alirudisha karatasi tupu.

Mwalimu Ruth alimpeleka nyumbani mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kuna nini?"

"Mtoto huyu ana akili, lakini hakuandika hata jibu moja. Tukimwacha hivi, atarudia darasa."

Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Kwa nini hukuandika?"

"Ningekosea, bibi. Mimi si wa huku. Nirudishe kwa mama kabla sijaharibu kitu kingine."

Ndelilio alitoka nje. Aliporudi, alikuwa na jani la isale alilochuma mpakani. Grace, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, alidhani sasa Eliona ataambiwa aombe msamaha. Badala yake bibi alipiga magoti mbele ya Eliona, akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Bibi, inuka!"

"Niache, mjukuu wangu. Nimekosa mimi. Nilikupa mundu kabla sijakuonyesha shamba. Kisha nikanyamaza na uchungu wangu, nikakuacha ubebe lawama peke yako. Nisamehe."

"Lipokee," mwalimu Ruth alimnong'oneza. "Likiletwa halikataliwi."

Eliona alilipokea huku akilia. Grace akasukuma ungo kando.

"Nami nisamehe," alisema. "Baba yangu yuko Dar mwaka wa tatu sasa, haji. Wako alipoletwa kuzikwa, kila mtu alikukumbatia wewe. Nikaona wivu."

Mwalimu Ruth alifuta macho. "Kesho utafanya jaribio upya, Eliona. Ukikosea, tutasahihisha."

Bibi aliwakalisha wajukuu wake pamoja. "Sikilizeni. Kutojua si upumbavu, na kuzaliwa hapa si sifa. Anayejua amfundishe mwenzake, asiyejua aulize bila kuona haya. Mtoto anayechekwa kila siku mwishowe hujidharau mwenyewe, na hapo huugua hata kama mwili ni mzima."

"Basi nianze kuuliza," Eliona alisema polepole. "Baba alipokuwa mdogo, naye alikuwa anakosea?"

"Baba yako?" Bibi akacheka. "Huyo siku moja aliwafungulia mbuzi wote wa..."

Hakumaliza. Tangu mazishi hakuna aliyemwona Ndelilio akilia. Sasa alimlilia mwanawe kwa sauti, na wajukuu wake wakamshika, mmoja huku na mwingine huku, wakalia naye.