Posa Yenye Zamu ya Usiku

Gurudumu la kiti lilikwama mlangoni mwa lifti ya hospitali, wakati kila mtu ana haraka. Mhudumu alisukuma, akavuta, akasukuma tena. Mzee aliyeketi kitini alifumba macho kwa aibu, na nyuma yao foleni ilianza kusonya.

"Dada, tuondolee huo mzigo," mtu alisema.

"Mzigo ni ulimi wako," alijibu bila kugeuka. "Mwenye haraka, ngazi zile pale."

Kijana mmoja wa shati la samawati alicheka, akapiga goti, akachomoa bisibisi mfukoni. Alikuwa fundi wa baiskeli. Gurudumu likazunguka.

"Asante, Fundi. Usiniguse tu na hiyo grisi."

"Sawa, Kamanda."

Walipeana namba za simu lifti ikiwa bado inapanda.

"Umekula, laazizi?" Fundi aliuliza kila jioni.

"Nimewalisha wengine. Kula kwangu bado."

Mhudumu alikuwa na hasira siku hizo, na Fundi alizipenda bila kuuliza zimetoka wapi. Kampuni iliyomwajiri, inayopeleka wahudumu majumbani, ilikuwa imeacha kutuma watu wawili kumnyanyua mgonjwa mzito. Sasa ilituma mmoja. Wenzake waliumia migongo, wakaacha kazi, na waliobaki wakabebeshwa zamu zao. Mhudumu alibaki, akawafundisha wapya, akagombana na bosi kila wiki.

Jumapili moja Fundi alimpeleka kwao akamwone mama yake, aliyepatwa na kiharusi. Mhudumu alivaa gauni la kijani, wanja machoni. Lakini alipomkuta mama amelalia ubavu mmoja, mikono yake haikungoja kuombwa. Alimsalimia, akamwambia anachotaka kufanya, akamgeuza, akanyoosha shuka. Mama alishusha pumzi. Dada yake Fundi, aliyesimama kando na macho mekundu ya kukesha, naye alishusha yake.

"Mke nimepata," Fundi alisema kwa furaha. "Nikuoe, mpenzi, uache ile kazi ya kukuumiza. Dada arudi kwa mumewe, mama akae na wewe mchana na usiku."

Mhudumu alijifuta mikono polepole.

"Unaniposa au unaniajiri?"

"Kazi gani tena? Haya ni mapenzi."

"Bosi wangu naye husema hivyo hivyo. Tukiomba mtu wa pili, anatuambia kazi hii ni moyo. Kila anayeutaka mgongo wangu bure huniimbia habari za moyo. Wewe, tangu mama augue, umemgeuza mara ngapi?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Mimi mwanamume. Huyu ni mama yangu."

"Ndiyo maana nauliza."

Aliondoka bila kumuaga mtu ila mama. Fundi alipiga simu, ikakatwa. Alipiga tena, ikakatwa. Kisha dada yake akachoka, akafunga virago.

"Usikate," Fundi alisema safari hii, Mhudumu alipopokea. "Sikuombi urudi. Dada kaondoka, mama kalowa, na mimi nimesimama tu. Nielekeze."

Hasira zilimpanda Mhudumu. Lakini mama hakuwa na kosa.

"Weka spika. Mwambie kwanza unataka kufanya nini."

"Ataelewa?"

"Muulize yeye, usiniulize mimi."

Alimsikia akiuliza. Alimsikia akihema, akikosea, akirudia, kisha akilia huku akimwomba mama radhi. Mhudumu naye alilia, kwa hasira, kwa sababu bado alimpenda.

Mwezi ulipita kabla hajaenda kuwaona. Alimkuta Fundi amekunja suruali, beseni mkononi. Mama alikuwa amechanwa nywele ovyo, lakini msafi, na amelazwa vizuri.

"Usiku ni wangu," Fundi alisema. "Mchana tumeajiri mhudumu, mimi na dada tunamlipa. Kazi yako wewe endelea nayo. Nimekuja kukuposa upya, ingawa wewe ndiye uliyekuja."

"Na nikilala mimi kitandani hivi?"

Fundi alimtazama mama. "Nitakugeuza. Na nitatafuta mtu wa kunisaidia, maana peke yangu sitaweza."

Mhudumu alilichukua beseni, akaliweka chini.

"Basi kaseme na baba yangu," alisema. "Lakini hasira zangu nakuja nazo."