Chupa Moja, Midomo Mingi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na wala sikuhitaji msaada.

Ognjen, mtoto wa kaka yangu, alikuwa anaoa. Nikapewa kazi ya kualika. Kwetu mwalikaji hupita nyumba kwa nyumba na chupa ya mbao iliyojaa gongo ya plamu. Mwenye nyumba hunywa, mwalikaji hunywa, kwenye mdomo uleule wa chupa. Nami nilikuwa nakohoa.

"Shemeji, kaa nyumbani," alisema Desanka, mke wa kaka yangu, muuguzi wa zahanati. "Unakohoa kama trekta."

"Gongo itaua wadudu wote!"

"Haiui kitu. Mate yako yatabaki kwenye chupa. Na si kila mtu ana mapafu ya punda kama wewe."

Nilicheka, nikaondoka.

Nilianza kwa mzee Vukašin, msimamizi wa ndoa. Bila yeye harusi haipo. Mapafu yake yalikuwa dhaifu tangu siku nyingi. Jiko liliwaka, madirisha yamefungwa. Nikambusu mashavuni. Tukapokezana chupa. Nikakohoa kiganjani, kisha nikampa mkono huohuo.

Wiki haikuisha, Vukašin akalazwa, anapumua kwa oksijeni. Harusi ikaahirishwa. Mkewe, Stamena, hakunitukana. Alinitazama tu. Heri angenitukana.

Nikaenda kwa Desanka, kichwa chini. "Nifanyeje?"

"Ukiumwa, usitembelee watu. Ukilazimika kutoka, vaa barakoa. Kohoa kwenye kiwiko, si kiganjani. Nawa mikono kwa sabuni. Wageni wakija, fungua dirisha. Na kila mtu anywe kwa glasi yake."

"Dirisha? Wakati wa baridi? Upepo utatuua!"

"Shemeji, aliyemlaza Vukašin si upepo."



Miplamu ilipochanua, Vukašin alikuwa amerudi nyumbani, amekonda, lakini yu hai. Nami nilikuwa nimepona. Nikaalika upya, mikono nimenawa, kikapu cha glasi begani, bila busu. Harusi tukaifanyia uani, penye hewa. Ndoo ya maji na sabuni tuliziweka langoni. Vukašin alisimama karibu na bwana harusi, na mimi nikashindwa kuimba kwa machozi.

Tihomir, mdogo wake Vukašin, akanyakua chupa.

"Hii harusi au zahanati? Babu yetu alikunywa kwenye mdomo wa chupa maisha yake yote!"

Stamena akamnyang'anya.

"Maisha gani, Tihomir? Kifua kilimuua kabla hujazaliwa. Shika glasi yako."