Meneja wa Stoo ya Matasia

Siku duka kubwa jipya lilipotangaza nafasi ishirini za kazi pale Kitengela, vijana walimiminika kama siafu, kila mmoja na bahasha yake ya kaki kifuani. Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Mlinzi akapanda juu ya kreti ya soda, akapaza sauti: "Wenye experience ya miaka miwili, huku kwa kivuli! Wale wengine, kule!"

Kule kulikuwa juani. Na wale wengine ndio waliokuwa wengi.

Selpha alikuwa mmoja wao. Miaka ishirini na minne, diploma ya ugavi, na hajawahi kuajiriwa hata siku moja. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe na koti la suti la dada yake, koti lililomkaa kama alilopimiwa. Alikuwa amejitenga kando kidogo ya foleni, akitafuta upepo, kijana mrefu mwenye tai ya kijani alipomjia na kumpa bahasha kwa mikono miwili.

"Habari ya asubuhi, madam. Naitwa Kahiga. Naomba tu uniangalilie CV yangu, hata kama ni dakika moja."

Selpha akaelewa kwamba huyu amemdhania bosi. Mwenye huruma angemsahihisha papo hapo. Yeye akafungua bahasha, akakunja uso.

"Diploma ya storekeeping. Na experience?"

"Attachment ya miezi mitatu, madam."

"Miezi mitatu ya mafunzo kazini ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nachemsha chai, madam. Lakini nilikuwa naichemshia ndani ya stoo."

Selpha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Rudi kwa line, wewe. Mimi pia niko kwa jua tu kama wewe."

"Wacha! Na sauti yote hiyo?"

Walisimama pamoja hadi saa nane, mlinzi alipotangaza kwamba nafasi zimejaa. Upande wa jua haukuwa umefikiwa. Wakarudi makwao bila kazi, ila kila mmoja na namba ya simu ya mwenzake.

Mapenzi yao yalikuwa ya miguu. Jumapili walitembea nyuma ya mji, mahali ploti zinapoishia na uwanda kuanza, wakipishana na ng'ombe wa Wamaasai. Wachungaji wakiwasalimu kwa Kimaasai, "Sopa," Kahiga aliitikia "Ipa" kwa mbwembwe kana kwamba mifugo ni yake. Jumatatu walianza tena kupeleka bahasha, madukani, maghalani na mashambani. Jibu lilikuwa lilelile. Kazi haipatikani bila uzoefu, na uzoefu haupatikani bila kazi. Sasa mtu aanzie wapi, tumboni mwa mama yake?

"Madam," Kahiga alimwambia siku moja, "hiyo sauti yako ya ubosi inapotea bure."

Basi akaandika kwenye CV kwamba alitunza stoo miaka miwili katika duka moja la vifaa vya ujenzi huko kwao Matasia, duka ambalo lilishafungwa na mwenyewe kuhama. Mtu wa kumshuhudia, yule wanayemwita referee, akamwandika Selpha, meneja, na namba yake ya simu chini. Usiwaone wabaya. Asiye na mjomba ofisini hujitengenezea bosi wake mwenyewe. Jioni Kahiga alikuwa akimpigia wafanye mazoezi.

"Hello, ninaongea na meneja? Nauliza kuhusu Kahiga. Ni mfanyakazi wa aina gani?"

"Mchapakazi. Ila anapenda chai."

"Madam! Kuwa serious, babe."

"Sawa. Ni mwaminifu. Hajawahi kupoteza hata msumari."

"Na unampenda?"

"Hilo haliko kwa CV."

Mwezi wa saba Kahiga akabadilika. Akipigiwa simu alisema yuko bize, halafu hasemi bize na nini. Ndulu, jirani wa Selpha anayeuza mitumba, akamjia na lake.

"Selpha, mimi si mchonganishi. Lakini jana nimemwona Kahiga wako Isinya akishuka kwa gari ya mwanamke. Heels hivi, wigi mpaka hapa. Walikuwa wanacheka."

Lisemwalo lipo, Selpha alijiambia. Hakulala vizuri, na asubuhi hakula.

Alhamisi hiyo alikuwa akifua nyuma ya nyumba simu ilipolia. Namba ngeni.

"Hello, ni Selpha? Naitwa Judy. Ningetaka kukuuliza kidogo kuhusu Kahiga..."

"Uniulize mimi?" Povu lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kiwiko. "Sikiza, Judy, na usikize vizuri. Huyo ni mume wangu! Nimevumilia naye shida zote, na wewe na gari yako unadhani utakuja tu kuokota? Tafuta wako!"

Karatasi zikasikika zikipekuliwa upande wa pili. Kisha sauti ikarudi, baridi.

"Mimi ni afisa wa wafanyakazi, shamba la maua huku Isinya. Kwa CV ameandika wewe ni meneja wake. Tulikuwa tunathibitisha tu, barua yake ya kazi ilikuwa tayari. Asante, mama."

Selpha alipiga ile namba mara saba. Haikushikwa. Akaketi chini kando ya karai, akalia kwa uchungu wa mtu asiyekuwa na wa kumlaumu.

Jioni Kahiga akaja, shati la samawati limenyooshwa hadi mistari ya pasi inasimama, meno yote nje.

"Madam, kaa chini. Kuna kitu nilikuficha. Nimefanya interview tatu Isinya, kazi ya stoo. Ile ya mwisho, yule mama wa ofisi hata alinipa lift mpaka stage ya matatu. Nilikuficha kwa sababu kila nikikuambia kuna kazi, inapotea. Nikasema hii nitakuletea ikiwa mkononi. Imebaki tu wapigie referee. Yaani wewe, sweetheart. Wamepiga?"

Ukweli ulikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Lakini uso wa Kahiga uling'aa, na Selpha hakuwahi kuuona ukiwa hivyo tangu wajuane.

"Bado," akasema.

"Watapiga. Wewe weka simu chaji. Nikianza tu, wazee wangu wanakuja kwenu Webuye kuleta posa."

Ijumaa Kahiga alipiga viatu rangi. Jumamosi akavipiga tena. Siku hiyo binamu yake Githongo, mwenye duka la chakula cha mifugo Kajiado mjini, akampigia wakiwa pamoja, na Kahiga akaweka spika.

"Nataka mtu wa stoo kuanzia Jumatatu. Kuja."

"Asante sana, Githongo, lakini niko na kazi Isinya."

"Uko na barua?"

"Barua iko njiani."

"Chukua hii kwanza, ndugu yangu. Mimi hata experience siulizi. Nipe jibu kesho."

Kahiga akamgeukia. "Unaonaje, madam?"

Selpha aliinamia ungo wa mchele. Akimwambia sasa, atamwacha. Asipomwambia, pengine yule Judy atamhurumia kijana wa watu. Pengine. Mtu anayezama hushika hata jani.

"Uamuzi ni wako," alisema.

Jumapili Kahiga akamjibu Githongo kwamba hapana.

Jumatatu asubuhi alipita kwa Selpha kumuaga. Alikuwa anaenda Isinya mwenyewe kuulizia barua, amevaa ile tai ya kijani. Hapo mlangoni Selpha akamwambia yote, bila kujitetea.

Mwanzoni Kahiga alicheka. "Ulimwambia mimi ni mume wako?"

"Nilimwambia."

Kicheko kikakatika. Akatoa simu, akapiga Kajiado. "Githongo, samahani, nimefikiria tena..."

"Ningekungoja, Kahiga, lakini ulisema hapana. Nimeshachukua mtu mwingine. Ameanza saa moja."

Kahiga akakaa kwenye ngazi, akalegeza tai. Selpha akapiga magoti mbele yake.

"Nitukane basi. Nipigie hata makelele."

"Hiyo simu nimekusamehe. Wivu ni wivu, na mimi ndio nilikuficha." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililomuumiza. "Lakini siku nne, Selpha. Siku nne ulikuwa unaniangalia nikipiga viatu rangi. Hata jana tu ungesema."

"Niliogopa utaniacha."

"Singekuacha. Ningekasirika, halafu ningeenda Kajiado. Saa hii ningekuwa kazini."

Kahiga akasimama, akajipangusa vumbi la suruali. Alisema anarudi Matasia kwa mama yake, amsaidie kufuga kuku.

"Utanipigia?"

"Sijui. Nikikwambia ndiyo, nitakuwa nimekudanganya."

Akamshika bega kidogo, kama mtu anavyomshika mfiwa, akaenda. Akapita boda boda zilizopanga foleni kwenye kona, hakupanda hata moja. Selpha alimpenda wakati huo kuliko siku zote. Akafungua mdomo amwite arudi, kisha akajiuliza anamwita arudie nini. Hakuna mmoja wao aliyekuwa na kitu. Akaufunga mdomo, akaingia ndani.