Mapeasi ya Daktari wa Miti

Soko lilikuwa limefurika watu hadi wanakanyagana, na mwanamke mwenye gauni la kijivu alikuwa akisukuma kando kila peasi lililoiva.

"Dada, unachagua tunda au mchumba?" aliuliza mwanamume mmoja, shati jeupe limenyooka kwa pasi, kucha zimejaa udongo.

"Mchumba ningemtaka aliyekomaa. Haya nayataka mabichi, yasiyo na doa."

Walicheka, wakapeana namba. Mwanamume alikuwa muuza miche. Mwanamke, daktari wa miti.

Mapenzi yalinoga, hadi mierezi ya asili kule kilimani ilipoanza kunyauka. Daktari alichota udongo mizizini, akautia maji, akaliacha peasi lielee juu yake. Kimelea kinachoozesha mizizi huogelea katika maji hayo. Kikiwepo, hulitia tunda madoa ya kahawia.

Madoa yalitoka. Akapiga simu.

"Mpenzi, miche iliyopandwa kilimani kati ya mierezi ilitoka wapi?"

"Kwangu. Mbona sauti ya kipolisi, laazizi?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Jibu hilo lilimkaa rohoni kama mwiba. Aliyenyamazia hilo amenyamazia mangapi? Kesho yake alitoka kilimani moja kwa moja hadi kwenye kitalu cha miche cha mpenzi wake, akapita kila safu akitabasamu, na mwenyeji alipoingia ndani kuchemsha chai, akachota udongo na kuutia mkobani.

"Ungeomba, ningekujazia ndoo," sauti ilisema nyuma yake.

"Ungenijazia udongo uliouchagua wewe."

Chai haikunywewa. Ugonjwa ungethibitika, kitalu kingefungwa kwa sahihi ya daktari.

Peasi la kitalu lilibaki safi. Alirudia kipimo, safi. Ndipo akaitazama upya ramani ya kilima: mierezi migonjwa ilifuata njia ya waenda kwa miguu, si safu za miche. Akakwangua tope la buti zake mwenyewe, akalipima. Madoa.

"Udongo wako hauna kitu," alimwambia kwenye simu. "Buti zangu ndizo zenye kimelea. Na nimekanyaga kitalu chako kizima."

"Yaani mpelelezi ndiye mwizi?"

"Huenda. Lazima nipime kila safu, kwa miezi. Na sitakuamini mpaka nione."

"Nami sitakuamini mpaka uvue viatu getini." Akashusha pumzi. "Tuoane basi, mama. Wenzetu huanza kuchunguzana baada ya harusi."

Daktari hakucheka. "Jibu utalipata baada ya majibu ya udongo."

"Yakiwa mabaya?"

"Nitakufungia kitalu. Kisha nitakubali."