Sauti Moja Kwenye Maporomoko ya Juu

Supu ya miso ilikuwa imeshapoa mara mbili, na Isamu hajarudi.

Mume wangu alipanda saa nane kupigilia ubao uliolegea kwenye ngazi za maporomoko ya juu. Kazi ya nusu saa. Wageni wote wa nyumba yetu ya kulala wageni walikuwa wameshateremka, wameoga maji ya moto, viatu vyao vya mlimani vimepangwa mlangoni. Nafasi ya viatu vyake ilikuwa tupu.

"Mwanangu, nenda kamlete," alisema mama mkwe, Bibi Toku. "Atakuwa anapiga soga na nyani. Ndio wenzake."

Nilicheka. Nikafunga kiunoni kengele ya kufukuzia dubu.

"Na ukiitwa?"

"Nikiitwa mara mbili, naitika. Mara moja, nanyamaza. Mama, mimi nimezaliwa hapa hapa!"

Hapa kijijini Kurozawa hata mtoto anajua. Binadamu huita mara mbili. Kile cha mlimani kina pumzi ya mara moja tu, na anayekiitika hashuki.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mierezi. Njia ilinuka majani yaliyooza. Kengele ililia, nikapanda. Ililia, nikapanda.

Kwenye ngazi nikakuta nyundo yake. Imelowa.

"Isamu! Isamu!"

Maji tu, yakinguruma.

Kisha, kutoka chini, gizani...

"Nobue..."

Sauti yake.

Nikaung'ata ulimi. Nikasubiri ya pili. Nikahesabu pumzi kumi, ishirini, thelathini...

Haikuja.

Nikaishika kengele kwa kiganja isilie, nikageuka, nikakimbia.

Wazima moto, ambao huku ndio waokoaji, walimpata alfajiri, chini ya ngazi. Mguu umevunjika, mbavu nne zimevunjika.

"Kwa mbavu hizi," daktari aliniambia, "hata kuita mara moja ni ajabu."

Nilipiga magoti kando ya kitanda chake.

"Nisamehe. Nilikusikia. Sikuitika."

Isamu alinishangaa.

"Unasema nini? Uliitika. Ukashuka, ukanikumbatia mpaka kulipokucha. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, Nobue, lakini hukuniacha."

Nikamsogelea zaidi.

"Waliponibeba, ukaninong'oneza kwamba utakuja kunichukua." Akaugusa mkono wangu. Akaurudisha wake haraka. "Wewe... mbona una joto?"

Sasa ni wiki ya tatu. Yuko nyumbani, analala akinipa mgongo. Wageni tumewaambia tumefunga kwa ajili ya matengenezo. Kila jua linapozama, sauti yangu huita kutoka njia ya juu.

Mwanzoni iliita mara moja. Siku hizi...

"Isamu! Isamu!"

Vilevile nilivyoita mimi jioni ile. Imejifunza kwangu.

Bibi Toku hufunga milango mapema na hatanii tena. Mimi nimeichoma mikongojo yake Isamu jikoni, asiweze kwenda.

Jioni hii nimemkuta Isamu mlangoni hata hivyo. Ametambaa. Kucha zake zimejaa nyuzi za mkeka. Anavaa kiatu cha mguu mzima, polepole, anafunga kamba.

"Isamu, rudi ndani. Mimi niko hapa."

Hageuki.

"Niache, dada," ananong'ona. "Mke wangu ananiita."