Sanduku la Kusomea la Yuha

Katika nyumba ya Bwana Pyo, mjini Changwon, Korea Kusini, watu walikuwa wamejifunza kutembea kama wezi.

Kila alasiri, binti yao Gaeul aliporudi kutoka shule, runinga ilizimwa. Bwana Pyo alivaa soksi nzito ili nyayo zake zisisikike sakafuni. Bibi, mama yake mzazi, alitwangia vitunguu saumu kwenye roshani, na kinu alikiweka juu ya taulo lililokunjwa. Hata kikohozi kilimezwa.

"Mtoto anasoma," Mama Gaeul alinong'ona. Alilisema neno hilo kama watu wanavyosema kwamba nyumbani kuna mgonjwa.

Gaeul alikuwa mwaka wa mwisho wa shule ya kati. Shuleni alifundishwa hisabati ya mwaka wake. Kwenye tuisheni alifundishwa hisabati ya miaka miwili mbele. Ya mwaka wake hakuijua vizuri, na ya mbele hakuielewa kabisa. Hakuna aliyemwuliza, naye hakusema.

Mwanzoni mwa Septemba, sanduku lililetwa.

Lilitoka ghorofa ya juu, kwa jirani yao Mama Yuha. Lilikuwa la mbao, refu kuliko mtu, mfano wa kabati la nguo. Ndani mlikuwa na meza, kiti na taa. Mlango wake ulikuwa na kidirisha kimoja, upana wa kiganja.

Bibi alilizunguka, mikono mgongoni. "Kwa hiyo mnamweka mtoto kabatini? Amegeuka blanketi?"

"Mama, ni sanduku la kusomea," alijibu Mama Gaeul. "Yuha alisomea humu, akaingia chuo kikuu cha Seoul. Watu wanayatafuta masanduku ya waliofaulu kama dawa. Bahati yake imo kwenye mbao."

"Nalijua sanduku jingine mimi. Mfalme wa kale alimfungia mwanawe ndani ya sanduku la mchele hadi akafa, jua la kiangazi likiwaka. Naye alisema anamrekebisha."

"Mama, jamani! Maneno ya msiba ya nini leo?"

"Haya, nanyamaza. Si ndiyo sheria ya nyumba?"

Gaeul aliingia. Mlango ulifungwa. Kidirishani palionekana mwanga mweupe, na ukingo wa sikio moja.

Kwa wiki ya kwanza Mama Gaeul alifurahi. Kisha, jioni moja, alipokuwa akimenya peasi jikoni, alisikia sauti ya penseli kutoka sandukuni. Aliisikiliza kwa fahari. Halafu kisu kikasimama mkononi mwake.

Penseli zilikuwa mbili.

Moja iliandika haraka, ikatua, ikaandika tena. Nyingine haikutua. Ilikwaruza polepole, juu chini, juu chini, hata pale ya kwanza iliponyamaza.

Alikwenda kwa ncha za vidole, akachungulia kidirishani. Alimwona binti yake peke yake, mgongo ukiwa umejikunja. Aligonga kioo. Sauti zote mbili zikakoma pamoja.

"Gaeul, unataka supu ya maharage au mchuzi wa kabichi ya kimchi?"

Mtoto aligeuza uso. Macho yake yalipita juu ya uso wa mama yake kama yanapita juu ya ukurasa.

"Namba nne," alisema.

"Namba nne nini? Nimetaja vitu viwili."

"Namba nne."

Mezani Bwana Pyo alicheka. "Mpe bakuli nne basi, ashibe! Mtihani umemwingia kichwani." Alisema juu ya ile mitihani ambayo kila swali lina majibu matano, na mtoto huchagua moja. Lakini Bibi hakucheka. Wao waliishi ghorofa ya nne, na katika lifti ya jengo lao namba hiyo haikuandikwa. Kitufe chake kilikuwa na herufi tu, kwa sababu wazee huihesabu nne kuwa namba ya mauti.

"Mtoto hajaitaja bure," Bibi alisema, akaweka kijiko chini.

Tangu siku hiyo Gaeul aliacha kutumia maneno. Umelala vizuri? Namba mbili. Mvua inanyesha, utachukua mwavuli? Namba tano. Baba yake alimtania: "Na jina lako nani, mwanangu?" Gaeul alifikiri kwa muda mrefu. Midomo yake ilicheza. Kisha akasema, "Hakuna jibu sahihi." Bwana Pyo hakutania tena.

Jumamosi asubuhi Mama Gaeul alipanda juu kwa Mama Yuha. Alitaka kuuliza kama Yuha naye alikuwa hivyo.

Mlango ulifunguliwa kidogo. Kwenye kizingiti Mama Gaeul aliona viatu vya msichana, vimepangwa sawasawa, na juu yake vumbi jepesi.

"Yuha yupo? Si yuko Seoul?"

Mama Yuha alitazama viatu. "Alirudi tangu masika."

"Amekuja likizo?"

"Mama Gaeul, usiniulize."

Nyumba ilikuwa kimya. Kisha kutoka chumba cha ndani Mama Gaeul aliisikia tena ile sauti. Ilikwaruza polepole. Juu chini, juu chini.

"Anafanya nini?"

"Amekaa kabatini," Mama Yuha alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayetaja bei ya kabichi. "Kabati la nguo. Mahali penye nafasi hawezi kusoma, wala kulala. Chuoni alishindwa kuketi ukumbini. Nilidhani nikiliondoa lile sanduku atatoka. Akaingia kabatini."

"Na ukanipa mimi!"

"Alifaulu, Mama Gaeul. Hilo si uongo. Alifaulu." Akafunga mlango taratibu.

Mama Gaeul aliingia kwenye lifti, akabonyeza kitufe chenye herufi. Milango ilifungwa. Alizitazama kuta nne za chuma na kuona mbao. Lifti ilisimama ghorofa ya saba. Milango ikafunguka, akaingia Mwalimu Gil.

Mwalimu Gil alikaa katika jengo hilo, na alifundisha katika shule ya Gaeul. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wanafunzi kuhusu njia za masomo na kazi. Alikuwa mwanamume mkavu, asiyependa maneno ya mapambo.

"Nilikuwa nakuja kwako, Mama Gaeul. Wiki hii nimemwuliza kila mwanafunzi anataka sekondari gani. Binti yako amenijibu namba."

"Nne?"

"Nne. Mbona umebadilika rangi? Twende tukaongee."

Walikaa sebuleni, Bibi na Bwana Pyo wakiwapo. Nyuma yao sanduku liliwaka mwanga wake mweupe. Gaeul alikuwa ndani. Kwa mazoea, wote walinong'ona. Mwalimu Gil peke yake alisema kwa sauti ya kawaida, na kila neno lake liliwashtua kama sahani iliyoanguka.

"Mnamtayarishia nini huyu mtoto?"

"Mtihani mkuu, Mwalimu," alisema Mama Gaeul. "Siku moja ya Novemba, mwisho wa sekondari. Mlango ni huo mmoja."

"Nani alikwambia?"

"Kila mtu anasema."

"Basi nami niseme. Shule zetu ni miaka sita ya msingi, mitatu ya kati, mitatu ya sekondari. Mwaka huanza Machi. Hayo unayajua. Lakini vyuo vikuu huchukua wanafunzi kwa njia mbili. Wengi huingia kwa rekodi ya sekondari, yaani alama za kila muhula, shughuli zao za shule, na mahojiano. Wengine huingia kwa mtihani wa Novemba. Mtoto anayesoma ya mwaka wa mbele na kupuuza ya mwaka wake huharibu rekodi yake mwenyewe. Hata sheria inakataza shule kuyatanguliza masomo. Mbona ninyi mnayatanguliza?"

"Wenzake wote wanatanguliza," alisema Mama Gaeul. "Akibaki nyuma je?"

"Nyuma ya nani? Haya, niambie jambo moja. Mwaka wa kwanza wa shule ya kati, wanafunzi hupewa muhula usio na mtihani wa kuandika. Hujaribu fani na kuonja kazi mbalimbali. Gaeul alichagua nini?"

Muhula ule Mama Gaeul aliuona kama nafasi ya dhahabu, kwa kuwa hapakuwa na mtihani wa kumzuia mtoto kwenda tuisheni. Alimwongezea masomo mawili. Wazazi wengi wa mtaa ule walifanya vivyo hivyo.

Bibi aliinuka, akaenda roshani, akarudi na kitu kilichofunikwa kitambaa. Alikuwa amekificha nyuma ya mitungi yake ya maharage. Kilikuwa lifti ndogo ya karatasi ngumu, aliyoitengeneza Gaeul muhula ule, yenye kamba na vipande vya madini ya risasi vya wavuvi vya kuisawazisha. Bibi aliigusa kwa kidole. Ikapanda bila sauti. Juu kabisa, milango yake ikafunguka yenyewe.

"Ulisema itupwe," Bibi alimwambia mkwewe. "Mimi nikasema, kitu chenye mlango unaofunguka hakitupwi."

Mwalimu Gil aliinama kuitazama. "Mkoani kwetu, huko milimani, ipo sekondari ya bweni inayofundisha ufundi wa lifti. Ni moja ya shule za ufundi za ngazi ya juu. Ada hakuna."

Bwana Pyo alipiga goti lake. "Hapana! Mimi nimemeza vumbi la chuma tangu ujana ili mwanangu asishike spana. Leo unaniambia nimrudishe huko huko?"

"Umemeza vumbi, ukajenga nyumba. Unaionea aibu kazi yako, Bwana Pyo?"

"Sioni aibu. Naogopa. Akishaingia huko, mlango wa chuo umefungwa."

"Hapo ndipo mnapokosea. Shule hizo huchagua wanafunzi mapema, mwezi wa Oktoba. Mtoto huomba moja tu. Akikosa, bado ataingia kwenye mgao wa sekondari za kawaida kama wenzake. Hapotezi nafasi. Akipata, atasoma na kuajiriwa. Na akishafanya kazi miaka mitatu, vyuo vikuu vina mlango maalumu kwa wafanyakazi kama yeye. Kwanza kazi, kisha chuo."

Ndipo wote wanne wakasikia mkwaruzo kutoka sandukuni. Juu chini, juu chini.

Mama Gaeul aliinuka. Safari hii hakugonga. Alifungua mlango wa sanduku.

Mkono wa kulia wa Gaeul ulikuwa na penseli. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukutani, nao ulikwaruza ubao kwa ukucha. Chini ya ukucha palikuwa na mistari mingi, ya zamani, iliyoingia ndani ya mbao. Yuha ndiye aliyeichora. Gaeul alikuwa akiifuata, mstari kwa mstari, bila kujua. Vidole vyake vilikuwa na damu iliyokauka.

"Toka, mwanangu," alisema Mama Gaeul. "Toka nikae mimi."

Alikaa. Akajifungia. Joto lilikuwa la pumzi ya mtu mwingine. Nje mumewe alisema jambo, lakini hakusikia maneno, alisikia mvumo tu. Ndipo alipoelewa kwamba tangu Septemba binti yake hakuwa akisikia maswali yao. Alisikia mvumo, akachagua jibu. Kisha Mama Gaeul alihisi kitu kwenye ncha ya kidole. Alitazama. Kidole chake mwenyewe kilikuwa ukutani, juu ya mstari.

Alitoka akikimbia.

"Baba Gaeul, leta bisibisi!" alipiga kelele. Ilikuwa kelele ya kwanza ndani ya nyumba ile kwa mwaka mzima.

Sanduku lilifunguliwa siku hiyo hiyo, ubao kwa ubao. Wazazi walifuta tuisheni zote isipokuwa ya hisabati, nayo ikawa ya mwaka wake. Mwalimu Gil alimpeleka Gaeul kwenye chumba cha ushauri cha shule, ambako mshauri huongea na mwanafunzi bila malipo, na mambo ya mtoto hayatangazwi. Mama Gaeul alipanda tena ghorofa ya juu. Mara ya kwanza Mama Yuha hakufungua. Mara ya tatu alifungua, na wanawake wale wawili wakampeleka Yuha kwa daktari wa akili. Mpaka sasa Yuha bado ni mgonjwa. Lakini mlango wa kabati huachwa wazi.

Maneno ya Gaeul yalirudi moja moja, kama watu wanaorejea kijijini baada ya mafuriko. Oktoba aliiomba shule ya milimani, yeye mwenyewe akitaka. Kwenye mahojiano aliulizwa kwa nini lifti. Bwana Pyo, aliyesimama nje ya dirisha, aliogopa kusikia namba. Kisha mtoto alisema, "Kwa sababu mtu akikwama ndani, lazima awepo anayejua kufungua."

Alichaguliwa.

Mwezi wa Novemba, familia ilitengeneza kimchi ya majira ya baridi, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili. Bibi alitwanga vitunguu saumu sebuleni, bila taulo, kwa nguvu zote. Redio iliimba. Sakafuni, pale sanduku lilipokuwa limesimama, palibaki mraba mweupe ambao haukufutika kwa sabuni. Hakuna aliyeukanyaga. Hata Bwana Pyo, akiwa amebeba ndoo ya kabichi, aliuzunguka.

"Gaeul," mama yake aliita, mikono ikiwa myekundu kwa pilipili, "utakula nyama ya kuchemsha au chaza?"

Kinu cha Bibi kikasimama. Bwana Pyo akapunguza redio. Wote walimtazama mtoto, na kimya kile cha zamani kikapita chumbani kama baridi ya chini ya mlango.

Gaeul aliangalia nyama. Akaangalia chaza.

"Bado nafikiri, Mama," alisema.

Bibi akaendelea kutwanga.