Lori la Ubao wa Jeneza

Siku ya Alhamisi, tarehe kumi na mbili Agosti, mwaka 1954, saa nane na dakika kumi mchana, Amisa aliinuka kwenye mkeka wa sebuleni, walikojilaza wote watatu, ili amfunike mtoto, akaona kwamba lori limesogea.

Halikuwa limesogea sana. Mtu mwingine asingeona. Lakini Amisa ndiye aliyeliweka chini ya dirisha asubuhi ile, tairi za nyuma zikigusa ukuta, ili rangi ikauke bila kupigwa na jua; na sasa kati ya tairi na ukuta palikuwa na nafasi. Akachukua utepe wake wa kushonea, akapima. Sentimita sita. Akajaribu kulisukuma kwa kidole. Magurudumu hayakuzunguka, kwa sababu mumewe alikuwa ameyagandisha kwa gundi, kama alivyozoea kuyagandisha yote.

Mumewe, Atumani bin Heri, alikuwa fundi katika garaji ya kampuni moja ya pamba hapo Kasongo, na kabla ya hapo dereva wa jeshi la Bula Matari, yaani Wabelgiji wa Kongo, katika vita vya Abisinia. Wanaume wengine wakitoka kazini hukaa barazani wakazungumza. Yeye alijenga magari ya vita, madogo ya kubeba kwa mikono miwili, kila sentimita moja ya kwake ikiwa sentimita ishirini za gari lenyewe. Vifuniko vya tairi alivikata kwenye mikebe ya maziwa, turubai akalishona kwa kitambaa cha sare yake ya zamani, taa zikawa shanga. Rangi ya kijani aliichanganya na masizi na udongo mwekundu mpaka ikafanana na magari yaliyopanda milima ya Abisinia yakiwa yamejaa vumbi. Namba za milangoni aliziandika Amisa, kwa brashi ya manyoya matano ya mbuzi, maana mikono ya Atumani ilikuwa ikitetemeka tangu vitani. Watu hakuwatia. Mwalimu Asani wa msikitini alikwisha kumwonya kwamba mwenye kuchonga uso ataulizwa roho yake iko wapi. Kwa hiyo viti vyote vilikuwa vitupu.

Msafara wao ulikuwa wa magari kumi na mawili. Kumi na moja yalikuwa kabatini, yamepangwa kwa mstari. La saba alikuwa akiliruka mwaka baada ya mwaka, na Amisa alipouliza, alijibu kwamba bado hajapata ubao unaofaa. Mwaka huu aliupata.

Amisa aliinama karibu zaidi. Lori lilinuka esansi, petroli ya magari, nalo halikuwahi kutiwa esansi. Na chini ya harufu ya esansi kulikuwa na nyingine, baridi na tamu, iliyomfanya ajishike pua kabla hajaitambua. Kafuri. Ile wanayopakwa maiti.

"Baba Kasimu," alinong'ona. "Hili kamio umelisogeza?"

Atumani hakufungua macho. "Kamio ya ubao itaenda wapi?"

"Linanuka esansi."

"Basi mwite Mugiriki wa dukani aje ainunue. Ile bakhili inapenda esansi ya bure." Akageukia ukutani, akakoroma.

Ijumaa, saa ile ile, lilikuwa limesogea sentimita kumi na mbili zaidi. Jumamosi, ishirini na nne. Jioni ya Jumamosi Atumani, akicheka, lakini kicheko cha mtu anayejisikiliza, alilifungia ndani ya sanduku lake la chuma la jeshi, akavaa ufunguo shingoni. Jumapili saa nane na dakika kumi waliamka wote wawili kwa pamoja. Sanduku lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa shingoni. Lori lilikuwa sakafuni, sentimita arobaini na nane mbele ya alama ya jana, na juu ya udongo uliofagiwa palikuwa na mistari miwili myembamba kama iliyochorwa kwa sindano.

Atumani hakucheka tena. "Linanifuata mimi," alisema.

Amisa naye alidhani hivyo. Lakini hakuwa mtu wa kudhani akanyamaza. Alichukua uzi mweupe, akaushikiza chini ya dirisha, akaunyoosha juu ya ile mistari miwili, katikati yake barabara, akaenda nao kinyumenyume akipiga magoti, polepole, uzi usije ukapinda. Uzi ukapita kando ya mto wa Atumani, ukaliacha sikio lake kwa upana wa kiganja, ukaendelea, ukavuka mkeka mkubwa, na ulipofika mwisho Amisa aligusa kitu chenye joto, akageuka, akaona ameshika mguu wa mtoto wake, Kasimu, aliyekuwa anatimiza miaka miwili mwezi ujao, amelala mdomo wazi.

Mwalimu Asani aliitwa baada ya sala ya alasiri. Hakuingia. Alisimama mlangoni akanusa, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Atumani. Ule ubao uliutoa wapi?"

"Nyuma ya musikiti."

"Nyuma ya musikiti pahali gani?"

"Lile jeneza la zamani, Mwalimu. Mulipotengeneza jipya mwezi wa Ramadhani, lile mulilitupa. Ubao mukavu, mwepesi, hauna hata ufa. Nilitoa vipande viwili tu."

"Tulilitupa!" Mzee alishika fremu ya mlango. "Lilikuwa linangoja kuzikwa! Jeneza halipasuliwi, halichomwi, halifanywi kiti. Likizeeka, linafukiwa makaburini, sababu halijui kazi nyingine. Linaingia nyumbani tupu, linatoka na mutu. Na wewe, mutoto wa Heri, umelitia magurudumu!"

Kisha Mwalimu akauliza gari lile hasa lilikuwa gari gani huko vitani, na nani alibaki ndani yake.

Atumani aliongea akitazama vidole vyake vya miguu. Lori la saba lilikwama kwenye tope, mlimani. Nyuma alikuwemo rafiki yake, kijana wa upande wa Wamaza, miguu imevimba kwa maradhi, hawezi kutembea. Ofisa akaamuru waliache. "Nilimufunika turubai. Nikamuambia, asubuhi nakuja kukuchukua. Asubuhi tukaambiwa twende mbele."

"Alikuwa hai?" Amisa aliuliza.

"Alikuwa ananiita jina."

"Yeye aliitwa nani?"

Atumani alimtazama mtoto, na Amisa akajua. Siku zote aliambiwa kwamba mwanawe alipewa jina la rafiki aliyekufa vitani. Hakuambiwa kwamba aliachwa akiita.

"Marehemu harudi," Mwalimu Asani alisema. "Lakini mutu asiyezikwa wala kusomewa, nafasi yake iko kama nyumba isiyo na mulango. Jini linaingia, linakaa, linavaa jina lake. Sasa limepata na gari. Linamutafuta Kasimu, na katika nyumba hii Kasimu iko mumoja tu."

"Tulichome, Mwalimu. Leo hii."

"Ukilichoma, abiria anashuka njiani. Njia yenyewe iko nyumba yako. Tutamuzika na kumusomea, kama watu. Lakini mutu kaburini anaitwa kwa jina la mama yake. Kasimu mwana wa nani?"

Atumani hakujua.

"Miaka kumi na mitatu, na Wamaza si mbali. Hukuenda kumupa pole mama yake?"

Atumani alichukua kofia yake msumarini.

"Basi nenda sasa. Na mpaka urudi, hili jina lisiitwe humu ndani, wala lisiandikwe. Ukiita jina bila mama, ataitika aliye karibu."

Atumani aliondoka jioni ile juu ya magunia ya pamba, katika lori la kampuni. Jumatatu Amisa alimbeba mtoto mgongoni akaenda kushinda kwa mama yake, mtaa wa tatu kutoka hapo. Saa nane na dakika kumi kafuri ilinuka katika chumba cha mama yake, na mbele ya kizingiti, juu ya mchanga, kulikuwa na mistari miwili bila lori. Akarudi nyumbani, maana nyumbani angalau aliweza kupima. Sentimita tisini na sita. Mpaka kwenye mkeka wa mtoto ilibaki mita moja na sentimita themanini na nne. Akakokotoa mara mbili kwa kijiti sakafuni, akafuta, akakokotoa tena. Kesho lori lingekwenda mita moja na sentimita tisini na mbili.

Usiku ule alimfunga mtoto kifuani kwa kanga mbili, akakaa wima mpaka kulipokucha.

Jumanne, adhuhuri, Atumani alifika akiwa na mwanamke mzee, mfupi, mwenye furushi kichwani. Macho ya Atumani yalikuwa yamevimba.

"Bwana yako," mzee alimwambia Amisa akitua furushi, "anaomba kila dereva akimbize gari kama mwizi. Mifupa yangu nusu imebaki Wamaza. Wewe ndiwe Mama Kasimu?"

Amisa aliogopa kuitika. "Ndiyo, mama," alisema mwishowe.

"Na mimi pia." Mzee aliketi chini mbele ya lori. Aliliangalia kwa muda mrefu, akainua turubai kwa ukucha wa kidole kidogo, akachungulia ndani. "Hapa ndipo alipolala? Padogo."

Atumani akaanza kulia.

"Nyamaza, mwanangu. Miaka kumi na mitatu ninabakiza chakula cha mutu ambaye hakuna aliyeniambia amekufa. Kulia ni zamu yangu, na bado sijaanza." Kisha akamgeukia Amisa. "Toa mukeka wa mutoto. Tandika wangu hapo hapo, usipinde. Yeye anamutafuta Kasimu, lakini akiniona mimi atasimama."

"Na kama si yeye, mama? Mwalimu anasema ni jini."

"Hata jini lilizaliwa na mutu fulani. Tandika."

Walitoka nje, Amisa amemkumbatia mtoto, Atumani akaegemea ukuta kama mlevi. Mtaa ulikuwa umelala kwa joto, hata kuku walikuwa kimya, na katika kimya kile ilianza sauti ndogo kama ya nzi ndani ya chupa, ikakua, ikawa ngurumo ya injini iliyo mbali inayopanda mlima kwa gia ya kwanza, ikikwama, ikizunguka patupu kwenye tope, ikipiga kelele, ikipanda tena, na harufu ya kafuri ikatoka chini ya mlango kama moshi, na mtoto, ambaye alikuwa amelala, akainua mkono mmoja na kuunyoosha kuelekea mlango bila kufumbua macho, na Amisa akaukunja mkono ule, ukanyooka, akaukunja, ukanyooka, mpaka sauti ilipokatika ghafla, na wakamsikia mzee ndani akicheka kidogo, kama mtu aliyeletewa habari za nyumbani.

Walipoingia, pua ya lori ilikuwa imegusa kiganja chake.

"Amefika," alisema. "Anasema barabara iko tope. Tutaondoka asubuhi."

Atumani akaenda kumwambia Mwalimu aje baada ya alfajiri kwa mazishi.

Jioni, Amisa alipompelekea uji, mzee alimshika mkono. "Mimi ninaitwa Faida. Chukua ile brashi yako. Andika pale mulangoni pa gari: Kasimu mwana wa Faida."

"Mwalimu amekataza kuliandika, mama. Mtoto wangu..."

"Mwalimu alikataza jina lisilo na mama. Sasa mama iko hapa."

"Kesho," Amisa alisema. "Mwalimu akija baada ya alfajiri, mbele yake."

Faida alimtazama kwa huruma. "Kesho, basi," alisema.

Jumatano, saa kumi na moja na dakika ishirini, kabla ya adhana ya alfajiri, Amisa aliamka kwa sababu hakunusa kitu chochote. Mume alilala. Mtoto alilala kati yao. Akawasha taa ya mkononi akaenda sebuleni.

Faida alikuwa amelala chali, mikono imenyooka ubavuni, nguo imefunika miguu vizuri, macho na mdomo vimefungwa, kama aliyekwisha kutengenezwa na watu wanaojua kazi hiyo. Amisa alimgusa shavu. Lilikuwa baridi. Lori halikuwa kwenye kiganja chake. Lilikuwa mlangoni, limegeuzwa, pua imegusa ubao wa mlango, limesimama.

Amisa alipiga magoti, akasogeza taa karibu na udongo. Mistari ya kuja ilikuwa myembamba kama sindano. Mistari ya kuondoka iliingia ardhini kwa kina cha nusu ukucha. Alipima kila mmoja mara mbili. Lori lilikuwa limebeba mzigo, nalo lilikuwa linangoja, na yeye peke yake katika nyumba ile alijua linangoja nini: jina aliloliahirisha jana.

Hakumwamsha mtu. Alileta kikopo cha rangi nyeupe, akaikoroga, akailainisha brashi kwa ulimi, akashusha pumzi. Akaandika herufi moja moja, wima, za ukubwa mmoja: KASIMU.

Nyuma yake, chumbani, mtoto akaitika usingizini, "Naam."

Mkono wa Amisa haukusimama. Hakugeuka. Aliandika MWANA WA, akachovya, akaandika FAIDA, akakaza mkia wa herufi ya mwisho usichuruzike. Kisha akaufungua mlango, akakaa pale sakafuni, brashi mkononi, akisikiliza pumzi za mtoto chumbani na kuzihesabu, mpaka rangi ilipokauka.